Estonia ilipata uhuru mara ngapi? Jibu kwa mwalimu wa historia

Mwalimu mmoja wa sekondari kutoka Morogoro ameuliza hivi: "Nilikuwa nafundisha kusambaratika kwa Umoja wa Kisovieti, nikasema Estonia ilipata uhuru mwaka 1991. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha sita akanisahihisha: 'Mwalimu, wenyewe wanasema waliurudisha, hawakuupata.' Darasa likacheka, nami nikajibu kwamba ni kitu kile kile. Lakini swali halikuniacha. Je, kweli ni kitu kile kile? Na kama kuna tofauti, mbona sisi hatusemi tuliurudisha uhuru, wakati babu zetu walikuwa huru kabla ya Mjerumani na Mwingereza kufika?"

Mwalimu, huyo mwanafunzi mpe alama zake zote. Si kitu kile kile, na tofauti haiishii kwenye maneno matamu ya sherehe. Neno "kurudisha" lilipewa kazi ya kisheria, watu wakabishana juu yake kwa miaka kadhaa, na hatimaye likaamua nani ni raia, nyumba hii ni ya nani, dhahabu iliyohifadhiwa London ni ya nani, na mpaka unapita wapi. Baadhi ya hayo hayajaisha hadi leo.

Anza na sikukuu zao, maana zimebeba hoja nzima. Waestonia wana siku mbili. Ya kwanza ni 24 Februari, iseseisvuspäev, siku ya uhuru, na mwaka unaohesabiwa ni 1918. Ya pili ni 20 Agosti, taasiseseisvumispäev, na mwaka wake ni 1991. Kile kipande cha taas mwanzoni mwa neno la pili maana yake ni "tena". Sikukuu kubwa ni ya Februari, katikati ya baridi, jeshi likipiga gwaride kwenye theluji. Ya Agosti, pamoja na jua lake, ni ndogo zaidi. Nilipokuwa nasoma Tartu, mji wa chuo kikuu huko Estonia, jambo hili lilinishangaza, kwani nilidhani watu watalipa uzito zaidi tukio walilolishuhudia kwa macho yao kuliko la babu zao. Baadaye nikaelewa kwamba hawakukosea mpangilio. Kwao nchi ilizaliwa 1918, na mwaka 1991 ilitolewa kifungoni.

Sasa turudi nyuma, ila huko mbali sitakaa. Estonia ni ndogo: watu wapatao milioni 1.3 katika kilomita za mraba kama 45,000. Mkoa wako wa Morogoro unaizidi kwa eneo, na kwa watu unaizidi zaidi ya mara mbili. Lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kifini, haina udugu na Kirusi wala Kijerumani. Mwanzoni mwa karne ya 13 waliingiliwa na wapiganaji wa msalaba wa Kijerumani kutoka kusini, na mwaka 1219 Wadeni wakatua kaskazini, mahali ulipo mji mkuu wa leo. Jina Tallinn lenyewe kwa kawaida huelezwa kuwa ni "ngome ya Wadeni". Mwaka 1346 mfalme wa Denmark akaliuza eneo lake kwa watawa wapiganaji wa Kijerumani, kama mtu auzavyo shamba pamoja na wakulima waliomo. Wakaja Waswidi, ambao walianzisha chuo kikuu cha Tartu mwaka 1632. Mwaka 1710 jeshi la Tsar, mfalme wa Urusi, likaiteka nchi yote, na mkataba wa 1721 ukaikabidhi kwa Urusi.

Watawala walibadilika, lakini bwana wa shamba hakubadilika. Tsar alikaa St. Petersburg, aliyeamuru mkulima achapwe viboko alikuwa kabaila anayesema Kijerumani, na ukoo wake huenda ulikuwa pale tangu enzi za misalaba. Utwana ulifutwa mwaka 1816 upande wa kaskazini na 1819 upande wa kusini, lakini mtwana aliachiwa huru bila ardhi. Kwa hiyo aliendelea kufanya kazi kwa bwana yule yule.

Hapo nakuomba usimame kidogo, Mwalimu, kwa sababu mpaka hapo wanafanana na sisi kabisa. Palikuwa na watu, lugha, mila na kumbukumbu za kupigana. Dola yenye jina Estonia haikuwapo. Hata ule mwamko wa karne ya 19, na magazeti ya lugha ya wenyeji yaliyoshamiri kuanzia 1857, na tamasha la kwanza la nyimbo lililofanyika Tartu mwaka 1869 kwa kwaya za wanaume watupu, vyote hivyo vilikuwa vya taifa linalojitambua. Kama Estonia ingepata uhuru wake wa kwanza mwaka 1991, neno "kurudisha" lingekuwa la washairi tu.

Kilichobadilisha mambo ni miaka miwili, 1918 hadi 1920. Tsar alikuwa ameanguka, Wabolsheviki, wakomunisti wa Urusi, wako madarakani, na jeshi la Ujerumani linasonga mbele. Katika pengo lile jembamba, Wabolsheviki wakiondoka Tallinn na Wajerumani hawajaingia, kamati ya watu watatu, Konstantin Päts, Jüri Vilms na Konstantin Konik, ikatangaza jamhuri tarehe 24 Februari 1918. Kesho yake Wajerumani wakaingia. Ukiwaambia wanafunzi kwamba uhuru huo ulidumu siku moja hutakuwa umekosea sana.

Lakini Novemba ile ile Ujerumani ikashindwa vita, na tarehe 28 Jeshi Jekundu la Wabolsheviki likashambulia Narva, mji wa mpakani. Jamhuri haikuwa na jeshi la kueleweka. Ilikuwa na maofisa waliotoka katika jeshi la Tsar, wavulana wa shule waliojiandikisha, garimoshi zilizofunikwa vyuma na kuwekwa mizinga, manowari za Uingereza zikilinda baharini, na wanaojitolea kutoka Finland. Wakulima waliahidiwa ardhi, na sheria ya Oktoba 1919 ikayachukua mashamba ya makabaila na kuyagawa. Mimi naona ahadi hiyo ilifanya kazi kubwa kuliko mizinga. Mtu ambaye ukoo wake ulilima shamba la mwingine kwa miaka 700 alikuwa na sababu ya kushika bunduki.

Tarehe 2 Februari 1920, mjini Tartu, Urusi ya Kisovieti ikatia saini mkataba wa amani. Katika mkataba huo iliutambua uhuru wa Estonia bila masharti, na ikaziacha kwa hiari na milele haki zote ilizokuwa nazo juu ya nchi hiyo na watu wake. Hiari. Milele. Mwanasheria hupenda maneno ya namna hiyo kwa sababu hayamwachii mtu mlango wa nyuma. Mwaka 1921 Estonia ikaingia katika Shirikisho la Mataifa. Ikawa na bendera, noti, balozi, mabunge yanayogombana, na dhahabu iliyowekwa katika benki za nje.

Haikuwa pepo. Mwezi Machi 1934 Päts alifanya mapinduzi, akafunga vyama, akatawala kwa amri. Waestonia wengine huipita sehemu hii mbio mbio wanaposimulia. Wewe usiipite, kwa sababu wanafunzi watauliza kama nchi iliyokuja kurudishwa ilikuwa ya kidemokrasia. Jibu ni kwamba ilikuwa nchi huru iliyokuwa na kiongozi wa kimabavu, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Tarehe 23 Agosti 1939, Molotov wa Umoja wa Kisovieti na Ribbentrop wa Ujerumani walitia saini mkataba wa kutoshambuliana, wenye kiambatisho cha siri kilichogawa Ulaya ya Mashariki kati yao. Estonia iliangukia upande wa Stalin. Mwezi uliofuata ililazimishwa kukubali kambi za askari 25,000 wa Kisovieti. Tarehe 16 Juni 1940 ikapewa onyo la mwisho: serikali ibadilishwe na jeshi zaidi liruhusiwe kuingia. Kesho yake jeshi likaingia. Mwezi Julai ukafanyika uchaguzi wa orodha moja, wagombea wa upinzani wakaenguliwa. Bunge lililopatikana likaomba nchi iingizwe katika Umoja wa Kisovieti, na tarehe 6 Agosti Moscow ikalikubali ombi hilo.

Zingatia neno "ombi". Kwa nusu karne Moscow ilishikilia kwamba Estonia iliomba yenyewe. Kama iliomba, basi ilijiunga, na kuondoka kwake kungekuwa kujitenga, jambo la kujadiliwa na mwenye muungano. Kama haikuomba, basi ilikaliwa kwa mabavu, na jamhuri ya 1918 haikuwahi kufa kisheria hata kama haikuwa na ofisi. Chukua mfano wa nyumba. Mtu akiingia kwako na bunduki akakaa miaka 50, akapaka rangi kuta, akaongeza chumba, akazaa watoto humo, hati ya nyumba bado ina jina lako. Huo mfano una mwiba ndani yake, hasa kwenye hao watoto, nami nitaurudia.

Yaliyofuata nayapitia haraka, si kwa wepesi wake. Päts alipelekwa Urusi akafia katika hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1956. Jemadari wa vita vya uhuru, Johan Laidoner, alifia gerezani Vladimir mwaka 1953. Tarehe 14 Juni 1941 watu wapatao 10,000 walipakiwa kwenye mabehewa ya mizigo kupelekwa Siberia na kwingineko. Wiki chache baadaye wakaja Wajerumani wa Hitler, wakakaa hadi 1944, na Wayahudi wapatao 1,000 waliokuwa wamebaki nchini wakauawa. Wasovieti waliporudi, makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamekimbia kwa mashua kwenda Uswidi na kwa njia nyingine Ujerumani. Machi 1949 wengine zaidi ya 20,000 walihamishwa kwa nguvu ndani ya siku chache, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Viwanda vikajengwa, wafanyakazi wakaletwa kutoka Urusi na jamhuri nyingine. Mwaka 1934 Waestonia walikuwa asilimia 88 ya wakazi. Mwaka 1989 walikuwa asilimia 61.5.

Wakati huo hati ya nyumba ilitunzwa wapi? Jibu ni New York. Tarehe 23 Julai 1940, Sumner Welles wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani alitoa tamko lililolaani kunyakuliwa kwa nchi tatu za Baltiki (Estonia, Latvia na Lithuania), na tangu hapo Marekani haikuutambua kamwe unyakuzi huo. Matokeo yake ni kwamba ubalozi mdogo wa Estonia mjini New York haukufungwa. Mwanadiplomasia Ernst Jaakson, aliyeingia kazini kabla ya vita, aliendelea kutoa pasipoti za nchi ambayo haikuonekana kwenye ramani, na kuanzia 1965 yeye ndiye aliyeuongoza ubalozi huo. Mwaka 1953 baadhi ya wakimbizi waliunda serikali ya uhamishoni mjini Oslo. Walikuwa wazee wachache wenye mihuri na barua, na wengi waliwaona kama watu wanaocheza kidali po. Siwacheki. Kisheria, mzee mwenye muhuri halali anaweza kuwa na thamani kuliko kikosi cha askari.

Si kila nchi ilikuwa na msimamo huo. Uswidi iliukubali unyakuzi mapema, na dhahabu ya Estonia iliyokuwa Stockholm ikakabidhiwa Moscow. Uingereza ilikataa kuutambua rasmi, lakini mwishoni mwa miaka ya 1960 iliitumia dhahabu ya Baltiki iliyokuwa London katika kumalizana na Moscow kuhusu madai ya kifedha. Inayostahili sifa ni benki ya kimataifa ya Basel, Uswisi, ambayo iliikalia dhahabu iliyopewa bila kuigusa kwa zaidi ya miaka 50.

Sasa tufike kwenye miaka ambayo darasa lako linaijua, ile ya Gorbachev, kiongozi wa mwisho wa Umoja wa Kisovieti. Yalianza na mazingira: mwaka 1987 watu walipinga mpango wa kuchimba fosforiti, madini ya kutengenezea mbolea. Agosti ile ile, tarehe 23, mkutano wa hadhara katika bustani ya Hirvepark mjini Tallinn ukadai viambatisho vya siri vya 1939 vichapishwe. Kiangazi cha 1988 makumi ya maelfu walikesha uwanja wa tamasha wakiimba nyimbo zilizokuwa zikitazamwa kwa jicho la shaka, na bendera za bluu, nyeusi na nyeupe zikapepea hadharani. Tarehe 23 Agosti 1989, miaka 50 kamili tangu mkataba ule, watu wanaokadiriwa kufika milioni mbili walishikana mikono kutoka Tallinn kupitia Riga hadi Vilnius, zaidi ya kilomita 600. Mwezi Desemba Moscow yenyewe, kupitia kongamano la wabunge wake, ikakiri viambatisho vilikuwepo na kuvilaani. Picha za mnyororo ule ni nzuri kwa darasani. Ila uamuzi wa neno gani litumike haukutoka kwenye nyimbo. Ulitoka kwenye madaftari.

Kuanzia 1989, kamati za raia zilipita mitaani na vijijini zikiandikisha watu waliokuwa raia wa jamhuri kabla ya Juni 1940 pamoja na vizazi vyao. Hebu fikiria: KGB, polisi wa siri wa Kisovieti, bado ipo ofisini, na jirani yako anakuja na daftari kukuandika kuwa raia wa dola ambayo serikali inasema haipo. Waliandikishwa mamia ya maelfu. Februari 1990 zaidi ya nusu milioni walipiga kura kuchagua Kongamano la Estonia, chombo kilichodai kuwa sauti ya raia halali, ambacho kamati yake iliongozwa na Tunne Kelam. Wakati huo huo palikuwa na Baraza Kuu, bunge la mfumo wa Kisovieti lililochaguliwa Machi 1990 na wakazi wote, wakiwemo askari wa Kisovieti, chini ya Arnold Rüütel. Nchi ikawa na mabunge mawili.

Ubishi ulikuwa huu. Upande mmoja ulisema: tutangaze jamhuri mpya, na kila anayeishi hapa awe raia wake. Ni rahisi, haumkasirishi mtu, na ndivyo nchi nyingi za dunia zilivyofanya. Upande mwingine ukajibu: tukitangaza jamhuri mpya, tunakiri kwamba ile ya zamani ilikufa mwaka 1940, maana yake uchaguzi wa Stalin ulikuwa halali, na mkataba wa Tartu umekufa nao. Tutakuwa mtoto wa Umoja wa Kisovieti, turithi na madeni yake.

Tarehe 19 Agosti 1991 wahafidhina walifanya jaribio la kumpindua Gorbachev, na askari wa miavuli wakaelekea Tallinn. Mabunge yale mawili hayakuwa na muda tena wa kubishana. Usiku wa tarehe 20, baada ya mazungumzo ya pande zote mbili, Baraza Kuu likapitisha azimio kwa kura 69 mnamo saa tano na dakika mbili. Azimio lilithibitisha uhuru wa Jamhuri ya Estonia na kuzungumzia mwendelezo wake kisheria. Katiba mpya ingeandikwa na baraza lenye wajumbe 30 kutoka kila upande. Hayo ndiyo maafikiano yaliyozaa lile neno la mwanafunzi wako. Iceland ikawa ya kwanza kukubali, tarehe 22. Moscow ikakubali tarehe 6 Septemba, na tarehe 17 Estonia ikaingia Umoja wa Mataifa. Nchi kadhaa za Magharibi hazikusema "tunaitambua" Estonia. Zilisema zinarejesha uhusiano wa kibalozi, kwa sababu kutambua zilikwisha kutambua zamani.

Tarehe 8 Oktoba 1992, Heinrich Mark, aliyekuwa akishikilia madaraka ya urais uhamishoni, alimkabidhi Rais Lennart Meri mamlaka yake mjini Tallinn. Jaakson, yule wa New York, akawa balozi wa Estonia nchini Marekani. Wazee wa mihuri waliingia mlango wa mbele.

Halafu ikaja bili, na hapa ndipo ningekaa na wanafunzi muda mrefu.

Dhahabu ilirudi: Basel, London na Stockholm zote zilirejesha au kulipa fidia mwaka 1992, nayo ikasaidia kuiimarisha sarafu mpya, kroon, iliyoanza Juni 1992 kwa kiwango cha kroon 8 kwa mark moja ya Ujerumani. Estonia ikakataa kubeba deni la Kisovieti, na mali za Kisovieti zilizoko nje ya nchi haikuzidai. Hilo lilikuwa jepesi.

Nyumba zilikuwa ngumu zaidi. Sheria ya Juni 1991 iliamua kuwarudishia warithi mali zilizotaifishwa baada ya 1940. Ni haki, nani atabisha? Lakini ndani ya nyumba ile anaishi mama aliyepangiwa na halmashauri miaka 30 iliyopita, ambaye hakumwibia mtu, na sasa mwenye nyumba ni mjukuu aliyeko Toronto. Waestonia walimpa jina mtu wa namna hiyo, sundüürnik, mpangaji wa kulazimishwa. Wapo Waestonia halisi, wa damu na lugha, waliopoteza makazi kwa ajili ya neno "kurudisha".

Uraia ulikuwa mgumu kuliko yote. Kama dola ni ile ile, raia wake ni wale wale. Mwaka 1992 sheria ya uraia ya 1938 ikaanza kutumika tena: aliyekuwa raia kabla ya 16 Juni 1940 na watoto wake ni raia, aliyekuja baadaye aombe, afanye mtihani wa lugha. Karibu theluthi moja ya wakazi wakalala raia wa Umoja wa Kisovieti wakaamka hawana nchi, wengi wao wakiwa wamezaliwa pale pale. Wakapewa pasipoti za kijivu za wageni. Hao ndio watoto waliozaliwa ndani ya nyumba, katika mfano wangu. Babu aliingia na jeshi au na kiwanda. Mjukuu hakuingia, alijikuta yumo. Sheria ililegezwa kidogo kidogo, na tangu 2016 mtoto anayezaliwa Estonia na wazazi wasio na uraia wowote hupewa uraia tangu kuzaliwa, lakini wenye pasipoti za kijivu bado wapo kwa makumi ya maelfu. Maoni yangu, kama unayataka: hoja ya kisheria ilikuwa sahihi, na ilitekelezwa kwa mkono mgumu kuliko ilivyolazimu. Lithuania, yenye hoja ile ile ya mwendelezo, iliwapa uraia karibu wakazi wake wote waliotaka. Ni kweli kwamba Warusi walikuwa wachache zaidi kule, na hofu ya Walithuania ilikuwa ndogo zaidi.

Na mpaka. Mkataba wa Tartu uliipa Estonia ardhi ng'ambo ya mto Narva na wilaya ya Petseri upande wa kusini mashariki. Stalin aliihamishia Urusi sehemu kubwa ya ardhi hiyo kuelekea mwisho wa vita, kiasi cha asilimia 5 ya nchi. Mikataba mipya ya mpaka ilitiwa saini 2005 na 2014, na hakuna uliothibitishwa na pande zote. Moscow haitaki mkataba wa Tartu utajwe, kwani kuutaja ni kukiri mwaka 1940 ulikuwa uvamizi.

Sasa swali lako la pili, la kwetu.

Babu zetu walikuwa huru, hilo halina ubishi. Mkwawa hakuwa chini ya mtu, wala Mirambo. Lakini dola iliyoshushiwa bendera ya Uingereza usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 iliitwa Tanganyika, na dola hiyo haikuwapo kabla ya wakoloni; mipaka yake na hata jina lake vilikuja nao. TANU haikuwa na 1918 ya kurudia. Kwa hiyo Mwalimu Nyerere alichukua mlango wa pili, ule wa kuwa dola mpya, na akaupita kwa akili sana. Mwezi ule ule wa uhuru Tanganyika iliuarifu Umoja wa Mataifa kwamba mikataba ya nchi mbili mbili iliyofungwa na Mwingereza kwa niaba yake itaendelea kwa miaka miwili tu, huku ikipitiwa mmoja mmoja, na usiokubaliwa utakoma. Mwaka 1962 ikasema wazi kwamba mkataba wa maji ya Nile wa 1929 hauifungi. Weka hilo ubaoni kando ya Estonia: wale walihitaji mkataba wa 1920 uendelee kuishi, sisi tulihitaji wa 1929 ufe. Wao wakasema sisi ni wale wale, sisi tukasema ni wapya. Upya wetu nao haukufika kwenye mipaka. Mwaka 1964 mjini Cairo, nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika zilikubaliana kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni, na Nyerere alikuwa miongoni mwa walioisukuma hoja hiyo.

Usiwaambie wanafunzi, hata hivyo, kwamba Afrika nzima ilipita mlango huo. Ethiopia ilikaliwa na Waitalia kuanzia 1936. Haile Selassie akarejea Addis Ababa tarehe 5 Mei 1941, na Waethiopia husherehekea ushindi, hawana siku ya kupata uhuru. Rwanda na Burundi zilikuwa falme kabla ya Mjerumani, na tarehe 1 Julai 1962 zilirudi kwenye ramani kwa majina yale yale. Burundi ilirudi na mwami wake, Rwanda ikarudi bila mfalme, ufalme ukiwa umeondolewa mwaka mmoja tu kabla. Na Zanzibar? Ilikuwa usultani chini ya ulinzi wa Uingereza tangu 1890, na kilichofanyika 10 Desemba 1963 kisheria kilikuwa kuondolewa kwa ulinzi huo. Mwezi mmoja baadaye yakaja mapinduzi, na siku inayosherehekewa Unguja na Pemba ni 12 Januari. Ukilifikisha swali hilo darasani, tenga vipindi viwili.

Mwanafunzi wako akitaka kitu cha kushika mkononi, mweleze habari za mkufu. Kabla ya vita rais wa Estonia alikuwa na mkufu wa heshima, ambao Päts aliuvaa. Baada ya 1940 ulichukuliwa Moscow, na mpaka leo umo katika makumbusho ya Kremlin. Marais wa sasa huvaa mwingine, na ule wa zamani bado wanaudai.